Picha ya Sindano ya Sitini

Picha yangu ya mazishi ninayo. Imetundikwa hapa studio, juu ya meza ninayokatia picha, ndani ya fremu nyeusi yenye kioo. Wateja wapya huitazama, wakanitazama mimi, wakaitazama tena. Mwenye ujasiri huuliza, "Mama, huyu ni dada yako aliyetuacha?" Namwambia ni mimi mwenyewe, na kwamba walionipangia safari hiyo bado wanangoja.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyepewa kadi ya kliniki ya kifua wiki hii na ukaificha kwenye sidiria au chini ya godoro. Mambo ya vijidudu utaelezwa na daktari, na usipomwelewa muulize tena, hata akikunja uso. Mimi nitakueleza kuhusu benchi, makalio yanayouma, mume na mashemeji. Hayo ndiyo niliyatafuta mahali pa kuyasoma nisiyapate.

Kwetu Kisumu mtu hazikwi bila uso wake kuwepo. Jeneza likitoka nyumbani, kuna anayetembea mbele amebeba picha kubwa ya marehemu, na picha hiyo huwekwa kwenye stuli kando ya kaburi mpaka hotuba ziishe. Ndiyo maana studio ndogo kama yangu haiishi kwa harusi na ubatizo peke yake. Inaishi kwa kukuza picha. Mtu analeta picha ya kipande, yaani ya kitambulisho, ndogo kama stempu, imekunjwa, ina muhuri kwenye paji la uso, anasema, "Mama, mtie tai. Na macho umfungue kidogo." Namtia tai kwa brashi. Namfungua macho. Kwa kuwa ni kazi ya utulivu, nilikuwa na wimbo wangu kwa wateja: msingoje siku ya kilio, leteni mapema. Niliuimba kwenye kaunta, nikauimba nyumbani tukila. Mume wangu, Baba Achieng, karani wa reli, mtu asiyesema sana, alikuwa akinisikia kuliko nilivyodhani.

Kikohozi kilianza na mvua ndefu, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Sikukijali. Sisi tunaooshea picha kwenye chumba cha giza tuna imani yetu, sijui nani aliianzisha: dawa za picha zikikukaba kifua, kunywa maziwa, yatazisukuma chini. Basi nikanywa maziwa. Miezi minne nilikunywa maziwa, bilauri asubuhi na bilauri jioni, mpaka ndama wa jirani wakakonda kwa ajili yangu, na bado nikakohoa. Sketi zikaanza kuzunguka kiunoni zenyewe. Nilizikaza kwa pini nikajisifu kwamba nimekuwa msichana.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, na nadhani ni mpiga picha tu anayeweza kulifanya. Chumba cha giza kina taa nyekundu. Chini ya taa ile, chochote chekundu juu ya cheupe hakionekani. Nilikuwa nakohoa humo ndani, natema kwenye sinki, nafungua mfereji, naendelea na kazi. Siku moja nilitoa picha ya bibi harusi mmoja wa Milimani ili nikaianike mchana, na kwenye gauni lake jeupe kulikuwa na matone ya damu, saba au nane. Nilisimama pale mlangoni nikiyatazama. Sijui nilikuwa nimetema damu kwa siku ngapi chini ya taa ile bila kujua.

Hospitalini walinipiga picha ya kifua. Daktari aliichomeka kwenye ubao wa taa akaanza kuniambia nisiogope.

"Naomba niishike," nikasema.

"Ya nini, mama? Wewe hutaielewa."

"Daktari, mimi nasoma negativu kila siku."

Akacheka kidogo, akanipa. Niliipeleka dirishani. Kwenye negativu, mahali peupe ni mahali ambapo mwanga haukufika, na juu ya pafu langu la kulia kulikuwa na weupe wa ukubwa wa yai. Nilijua bila kuambiwa. Nilimrudishia nikamwambia iliyobaki imepigwa vizuri, ila mpigaji alisahau kuniambia nivue mkufu. Ugonjwa ulikuwa kifua kikuu. Niliandikiwa sindano sitini, moja kila asubuhi, kisha vidonge mpaka mwaka utimie. Pia nikakatazwa chumba cha giza, kwa kuwa ni chumba kisicho na hewa na mimi nilikuwa na kifua cha kuambukiza.

Nikafunga studio. Achieng, binti yetu wa miaka minne, alipimwa akakutwa mzima, akapelekwa kwa mama yangu kijijini Seme. Aliondoka ameshika kandambili zangu, amekataa kuziachia, na sikumbusu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko sindano yoyote.

Benchi la kliniki lilikuwa la mbao, limelainishwa na watu wengi waliolikalia kabla yetu. Mlikaa kwa mpangilio wa kufika, mkisogea kidogo kidogo kuelekea pazia la kijani, na nyuma ya pazia kulikuwa na sista mmoja mwenye mkono mzito. Kando yangu alikaa mwanamke muuza viazi vitamu wa soko la Otonglo, tukamwita Nyar Otonglo, binti wa Otonglo. Siku ya kwanza, nilipotoka nyuma ya pazia nikarudi kupumzika benchini, aliona ninavyoketi upande upande.

"Leo umedungwa kulia?" akaniuliza.

"Kulia."

"Basi kesho mwambie kushoto. Huyu sista ukinyamaza anachimba shimo moja tu mpaka liwe barabara."

Nilicheka mpaka nikakohoa, naye akanipigapiga mgongo bila kuogopa. Kumbuka kwamba siku zile watu walikuwa wameanza kuogopa kila aliyekonda. Kulikuwa na ugonjwa ule mpya uliotajwa kwa kunong'onezana, na kulikuwa na chira, ukondefu wanaosema humpata aliyevunja mwiko. Kwangu walishindwa kuamua ni upi, wakanipa yote mawili. Mama wa yule bibi harusi wa Milimani alituma mtu kuchukua negativu zao, na huyo mtu alizipokea kwa gazeti ili asiniguse mkono. Majirani walisema mos, mos, pole sana, wakiwa ng'ambo ya uzio.

Kufikia sindano ya thelathini masikio yalivuma mchana kutwa, na nikisimama nyumba ilihama kidogo kabla ya kutulia. Mifupa ya shingo ilitokeza. Pete ya ndoa niliifunga uzi ili isidondoke. Baba Achieng alinipikia uji, akanifulia, akaniogesha, na katika yote hayo hakunitazama. Alitazama kijiko. Alitazama ndoo. Siku moja nilikuta kioo cha chumbani hakipo ukutani, nikauliza, akasema msumari umelegea. Msumari ulikuwa pale pale, imara. Nilikasirika. Nimeishi kwa kutazama watu usoni, na mtu wangu mwenyewe alikuwa amenifanya niwe kitu cha kupitwa.

Baada ya sindano ya arobaini na tatu, mchana, alikuja mgeni. Alikuwa Bwana Jivan, mzee Mhindi mwenye studio upande wa pili wa soko, mpinzani wangu wa miaka kumi. Hatukuwahi kutembeleana. Alisimama mlangoni ameshika bahasha ndogo ya kaki.

"Mama Achieng, mimi iko na kazi moja hapa. Nataka uliza mwenyewe kwanza."

"Mwenyewe nani?"

"Hii bahasha ni mwandiko yako. Namba yako. Uso pia yako."

Ilikuwa negativu kutoka kwenye makabati yangu. Mimi, miaka minne nyuma, kwenye harusi ya binamu yangu, mashavu yamejaa, hereni za kuazima, nacheka na mtu aliye nje ya picha.

"Nani amekuletea?"

"Mimi napiga picha, sipigi domo." Akavua miwani, akaifuta. "Lakini watu ya studio iko na desturi. Negativu ikiwa na namba ya studio ingine, unauliza mwenye namba. Huyu mtu naambia mimi kuza, tia ndani ya fremu nyeusi, maliza haraka. Sasa wewe bado nakohoa, bado nasema. Nikuze ama nisikuze?"

Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Funguo za kabati zilikuwa mbili, moja yangu na moja ya mume wangu. Na fremu nyeusi katika mji huu ina kazi moja tu. Nilisikia joto likipanda kutoka tumboni, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ndefu halikuwa joto la homa.

"Ameagiza saizi gani?"

"Inchi kumi kwa kumi na mbili."

"Bahili! Weka kumi na sita kwa ishirini. Kama nazikwa, wanione mpaka barabarani. Na ukimaliza uilete hapa kwangu, si kwake."

Bwana Jivan alinitazama, usoni kabisa, jambo ambalo halikuwa limetokea nyumbani humo kwa wiki nyingi. "Wewe iko na kelele sana kwa mtu ya kufa," akasema, akaenda zake.

Jioni Baba Achieng alirudi na samaki wawili, ngege aliowanunua ufukweni Dunga, wangali wanang'aa. Bahasha ilikuwa mezani. Aliiona kabla hajaweka samaki chini.

"Umenizika lini?" nikamuuliza.

Aliketi. Samaki walikuwa bado mkononi, maji yakidondoka kwenye kiatu chake.

"Ni mimi nilipeleka," akasema. "Ndugu zangu wamekuwa wakiniambia nipange mambo. Mbao, hema, nani atapika. Hizo zote nilikataa, Mama Achieng. Haki niliwafukuza. Lakini hiyo ya picha nilishindwa kukataa."

"Kwa nini?"

"Wewe unajua sura ya mama yangu?"

"Nitaijuaje? Alikufa ukiwa darasa la pili."

"Hata mimi siijui." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. "Wanawake wakati ule hawakuwa na kipande. Hakuna picha hata moja. Siku ya kuzika waliweka stuli kama kawaida, na haikuwa na kitu. Hiyo stuli naikumbuka vizuri. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, wakaweka jiwe. Lakini uso wa mama, hapana, umeenda. Na Achieng ana miaka minne. Si wewe umesema kila siku watu walete mapema?"

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika, na sikuwa na nguvu za lolote. Nililia. Yeye pia alilia, samaki mkononi. Kisha hasira ikarudi, na namshukuru Mungu ilirudi, kwa sababu ndiyo iliyonisimamisha nikaenda kabatini nikishika ukuta.

"Chukua," nikasema, nikampa kamera yangu. "Kama unataka uso wangu, upige. Kuanzia kesho. Lakini utapiga huu uliopo. Huyo wa hereni haumwi na kitu. Anayeumwa ni mimi."

"Sijui kupiga."

"Nitakufundisha. Na kioo kirudi ukutani."

Kila asubuhi baada ya sindano niliketi kwenye kiti kilekile, uani, mbele ya shuka jeupe lililoanikwa, mahali ambapo jua la saa nne hupita. Nilimfundisha kushika kamera, viwiko vikibanwa mbavuni, kutoa pumzi nusu kisha kubonyeza. Picha za kwanza zilitoka zimetikisika, sura tatu juu ya shingo moja. Bwana Jivan aliziosha na kuniletea akisema mume wangu anapiga kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Lakini mimi niliona jambo jingine. Mtu hawezi kupiga picha bila kutazama. Baba Achieng, aliyekuwa akitazama kijiko na ndoo, sasa alilazimika kunitazama mimi, akiwa amefumba jicho moja, dakika tano nzima kila siku. Siku ya tatu au ya nne alishusha kamera akasema, "Una alama hapa chini ya sikio. Sikuwahi kuiona." Nimekuwa nayo tangu kuzaliwa.

Siku ya sindano ya sitini mizani ilisema kilo thelathini na nane. Sista mwenye mkono mzito alinipigia makofi nyuma ya pazia, na benchi zima likaitikia, hata wasiojua sababu. Nyumbani niliketi kwenye kiti nikaishusha leso mpaka chini ya mabega. Mifupa yote ikatoka nje.

"Funika mabega," Baba Achieng akasema.

"Piga."

"Watu wataona."

"Ndiyo maana nakwambia piga."

Akabana viwiko. Akatoa pumzi nusu. Katika picha hiyo nina macho makubwa, mashavu yameingia ndani, unaweza kuhesabu mbavu za juu, na nimeinua kidevu kama mtu anayengoja mwenzake arudie alichosema. Haikutikisika hata kidogo. Ni picha bora kuliko zote zilizotoka kwenye kamera yangu, na si mimi niliyeipiga.

Mwezi uleule makohozi yalipimwa yakawa safi. Daktari akaniruhusu kuwa na mtoto wangu. Achieng aliletwa wakati wa mvua fupi, akanikagua kutoka mlangoni, kisha akaja kuniwekea kandambili miguuni. Zilikuwa zimeisha soli. Studio niliifungua nikapiga picha za nje peke yake, kwenye mwanga wa ufukweni, na kuosha nikamwachia Bwana Jivan. Wengine hawakurudi. Waliorudi walitosha.

Vidonge ni vita vya aina nyingine, na hapa nisikilize vizuri. Sindano inauma, kwa hiyo huwezi kuisahau. Vidonge unavimeza ukiwa umenenepa kidogo, unaimba, unapika, na sauti inakwambia umepona, acha. Mwezi wa sita wa matibabu nilimkosa Nyar Otonglo kliniki mara mbili. Nilitia picha zangu zote kwenye bahasha nikaenda sokoni kwake. Nilimkuta anapanga viazi, amechangamka.

"Nimepona, yawa! Niangalie!"

"Nimekuangalia. Sasa niangalie mimi." Nikazipanga picha juu ya gunia, kati ya mafungu ya viazi, kuanzia ile iliyotikisika. Alipofika kwenye ya sindano ya sitini alifunika mdomo.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Na siku hiyo ulikuwa umekaa kando yangu kwenye benchi, ukiwa hivi hivi. Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Mwili ukianza kupata nafuu unasahau upesi sana. Aliishika ile picha kwa muda mrefu, wateja wakimngoja, kisha akaninyooshea mkono nimsaidie kuinuka. Kesho yake alirudi kliniki, akatukanwa na sista vizuri, akaanzishwa upya kutoka sindano ya kwanza. Alizimaliza zote. Siku ya kumaliza nilimpiga picha ameketi juu ya gunia la viazi kama chifu.

Mwaka wangu ulipotimia nilipigwa tena picha ya kifua. Niliomba niishike, na daktari hakubisha. Nikaipeleka dirishani. Mahali pale palipokuwa na yai palikuwa na kovu jembamba kama uzi, na kote kwingine mwanga ulikuwa umefika.

Sasa miaka ya tisini inaelekea mwisho. Achieng amenipita kimo na ananisaidia studio siku za likizo. Kumi na sita kwa ishirini ya Bwana Jivan ipo ukutani kama nilivyokwambia, na wagonjwa wanaotoka kliniki hupita kuniona, wengine wakitaka kupigwa wangali wamekonda. Nawapiga. Siwatii nyama mashavuni kwa brashi. Nawaambia tu wainue kidevu.

Juzi tulikuwa tunafuta vumbi, Achieng akaishusha fremu ile nyeusi, akaigeuza, akasoma nilichoandika nyuma kwa kalamu ya wino siku ileile Bwana Jivan aliponiletea ile ya sindano ya sitini. Nimeandika: *Siku yangu ikifika msitumie hii. Huyu alikuwa bado hajapigana. Tumieni ile ya kwenye droo ya juu.*

Akafungua droo, akaitoa, akaitazama. Baba yake alikuwa mlangoni, akatazama pia.

"Mama," akasema, "hii ndiyo itembee mbele ya jeneza? Hii ya mifupa? Watu wataogopa."

"Ndiyo hiyo," baba yake akajibu kabla yangu. "Niliipiga mimi. Waache waogope."